Kondo

Usiku ule mlima ulipofunguka
nilikuwa zamu, wodi ya wazazi, Katindo.
Tuliwashusha wanawake ngazini mmoja mmoja.
Godelive, aliyepasuliwa mchana uleule,
alishika tumbo kwa mikono miwili
kama mtu anayebeba sufuria ya maji ya moto.
Nami nilikubeba wewe. Sikujua.
Ulikuwa na siku tano, punje,
hata ukuta wa kujishikiza hujaupata.

Barabara ya Sake: magodoro, mbuzi, bidoni tupu.
Baba yako alipiga simu mara kumi na nne,
mtandao ukaileta sauti yake vipandevipande:
uko… uko…

Nyuma yetu, upande wa Buhene, uji wa mawe
ulifuta uzio, vyoo, maharage,
na mpaka ambao ndugu wawili walipelekana kortini.
Ndani yangu, saa zilezile,
wewe pia ulikuwa unafutwa.

Nimekuja kuyasoma baadaye, Nsimire,
kwenye kitabu kilicholiwa na unyevu wa ziwa.
Kiinitete kikiwa kichanga hivyo
huoshwa alama zilizokuja na yai, zilizokuja na mbegu,
vidoa vya methili juu ya uzi wa DNA
vinavyoiambia jeni: wewe, funga mdomo.
Za baba hutoweka upesi, hakujapambazuka.
Za mama hufifia polepole, seli ikigawanyika, ikigawanyika,
kama kitenge cha kufuliwa kila siku.

Karibu zote. Si zote.
Unaijua nyumba ya Bauma, muuza unga?
Moto ulipita kushoto, ukapita kulia.
Asubuhi mlango wake bado una chaki:
nani anadaiwa, kiasi gani.
Ndivyo chapa chache zinavyobaki, zikilindwa na protini kaidi,
na kilichoandikwa pale
si jeni ni ipi, bali imetoka kwa nani.
Neno lilelile, herufi zilezile:
hapa la baba linasema, la mama kimya;
hatua mbili mbele, kinyume chake.

Kazini nimeona mmoja akikosekana.
Mwanamke wa Kibumba, miezi mitatu, tumbo kama la mitano.
Tulipomsafisha, beseni lilijaa vishada
vya vifuko vya maji. Mtoto hayumo.
Mimba zabibu: baba mtupu, maradufu,
yai lilikuja bila urithi wake.
Kondo lote lile, na hakuna wa kulishwa.
Na yule msichana wa Ndosho, uvimbe kwenye ovari:
daktari alipoupasua, nywele, mafuta,
na jino moja, jeupe kabisa.
Mama mtupu. Yai lililojianza lenyewe.
Nililiosha jino lile.
Sikujua nilitupe wapi.

Kondo. Wazee wa lugha walilitia neno hilo maana mbili:
nyama inayomfuata mtoto,
na vita.
Jeni za Cirhuza zilisema: ale, akue, amkamue mama hadi mfupa.
Zangu zilisema: taratibu, kesho ipo,
huenda na mdogo wake yupo.
Miezi tisa tulivutana ndani ya nyama ya ratili moja,
sisi ambao mezani hatujawahi kugombania hata chumvi.
Ulitoka kilo tatu na gramu mia mbili.
Sare.

Na vita havikurithiwi hivi hivi.
Ulipokuwa tumboni mwangu bado, mbegu za mayai yako
zilikwanguliwa hata chapa zile kaidi.
Sasa ni kurasa nyeupe. Zitangoja ukue,
ndipo ziandikwe upya, zote, kwa mwandiko wa mama,
hata lile neno ulilopewa na baba yako.
Yeye nikimweleza, hucheka, halafu hunyamaza kidogo.

Leo unaruka juu ya jiwe jeusi
pale palipokuwa choo cha watu.
Unasimama mbele ya mlango wa Bauma,
unaigusa chaki kwa kidole,
unauliza: hili deni ni la nani?