Koo la Bi Liao

Saa kumi na mbili alfajiri simu za mtaa zikatetemeka.
Sauti ya Bi Liao, msimamizi wa kituo chetu cha kura,
na kile kikohozi chake kabla ya neno zito:
"Bomba la gesi limepasuka shuleni. Msije. Tutawaita."

Bi Liao mwenyewe alikuwa jikoni, anakaanga yai.
Akajisikia akisema asilolisema.
Akaweka mwiko chini:
"Nani huyu amevaa koo langu?"

Njia ya mwongo ni fupi, tulifunzwa.
Hii ilivuka bahari ikarudi mara tatu
yai halijaiva.

Wataalamu wa Taipei wakatoa kanusho lenye muhuri,
lakini nani afungue muhuri saa hiyo?
Bi Liao akawasha skuta.
Mlango kwa mlango, kofia ya chuma mkononi:
"Nitazameni mdomo. Shule iko wazi."

Mzee Tseng hakutoka. Alichungulia dirishani.
"Nitajuaje ni wewe? Hata asubuhi ulikuwa wewe."
"Mwaka wa mafuriko ulichukua ndoo zangu mbili,
ukarudisha moja."
Mzee akacheka mpaka akashika ukuta,
akatafuta viatu.

Jioni tukahesabu kama tuhesabuvyo siku zote:
karatasi moja inainuliwa, inageuzwa huku na huku
hata mtoto aliye begani kwa babaye aione;
Bi Liao anataja jina,
mimi ukutani napiga mstari.
Mistari mitano ni herufi moja,
na herufi hiyo husomeka: kilichonyooka.
Polepole, kama kushona kanzu kwa mkono.
Hakuna waya. Hakuna nywila.
Macho tu, na watu waliokataa kwenda kula.

Kura ya mia nne, sauti ikakwaruza.
Ya mia sita, ikabaki upepo.
Mtu akampa chai ya tangawizi; akanywa, akaendelea.

Kesho yake ujumbe mpya:
*Yule mwenye sauti mbovu hakuwa Bi Liao.*
Nilitaka kulia. Nikaandika tu:
karatasi bado ziko ukutani, njooni mhesabu.
Wakaja watatu. Mmoja alihesabu mara mbili,
akaondoka bila kuaga.

Nilipompelekea Bi Liao dawa ya koo
nilikuta ndoo mlangoni pake,
kuukuu, imesuguliwa ikang'aa,
imefunikwa juu chini.