Rejista ya Gredi ya Saba

Wizara inataka jibu kabla ya Ijumaa.
Wavulana tisini na wanane,
wasichana mia moja na kumi na watatu.
Najumlisha ubaoni, kalamu imekauka:
mia mbili na kumi na mmoja.

Lakini madawati ya Kayole hayajui tarakimu.
Pale kwenye dirisha lisilo na kioo
Nasteho na Kwamboka wanagawana kiti, wanagawana kitabu;
mmoja husoma, mwenzake hufunua ukurasa.

Fomu ina visanduku. Umri. Jinsia. Yatima: ndiyo au la.
Hakuna kisanduku cha Mutheu,
aliyetoka Mukuru maji yalipobeba nyumba,
akaja na sweta ya shule nyingine,
wala cha Ochola, asiyeonekana Jumatano
kwa kuwa Jumatano ni zamu ya kaka yake kuvaa viatu.

Na Ekiru.
Cheti cha kuzaliwa hana.
Nimejaribu mara nne, na mara nne skrini imenijibu kwa wino mwekundu
kwamba mtoto huyu hayupo.
Hayupo, naye amesimama mlangoni
anauliza, "Mwalimu, nifute ubao?"

Futa, namwambia.
Anafuta jumla yangu yote, mpaka pembeni,
vumbi la chaki linamtua kwenye nyusi.

Nafungua rejista ya karatasi, ile iliyoliwa na panya,
na chini ya mstari wa mwisho, kwa penseli yake mwenyewe,
naandika: Ekiru. Mia mbili na kumi na wawili.

Wizara ina hesabu yake.
Mimi natafuta kiti.