Safu ya Maoni

Kikao cha tatu, saa nne asubuhi, ofisi ya kata.
Meza moja, vizibao vya rangi tatu,
na mimi, Nkwimba binti Lugembe, karani,
naandika muhtasari kwa kalamu inayokohoa wino.

Mto Mirongo umekwisha kurudi kitandani mwake
kama mlevi aliyevunja vyombo usiku;
asubuhi amelala, hana habari.
Nyuma yake, Mabatini, tope hadi usawa wa dirisha,
na watoto mia mbili kumi na saba
katika madarasa manne ya shule ya msingi,
au mia mbili sitini,
inategemea orodha ya nani.

Mwenye kizibao cha buluu ana ndoo.
Mwenye kijani ana ndoo.
Mwenye cha chungwa anasema, kwa fahari kidogo,
lori lake la ndoo limeshapita Usagara.
Nauliza sabuni. Wanatazamana.
Sabuni iko fungu jingine,
fungu linangoja saini,
mwenye saini yuko safarini.

"Tuna ahadi," anasema mwenyekiti, "ya asilimia sitini."
Naandika: ahadi, asilimia sitini.
Kwetu Magu ahadi ilikuwa deni.
Hapa ahadi ina safu yake, ya kwanza kushoto;
deni halina safu.

Jioni nikazikusanya orodha zote tatu,
nikapanda nazo shuleni, jiwe kwa jiwe,
nikaita majina.
Mbula Masalu. Yupo.
Karatasi ya kijani: Mbura Masaru. Yupo, yuleyule.
Ya chungwa: Bula, miaka sita, wa kike.
Ni yeye tena, ameinua mikono yote miwili.
Watoto watatu kwenye karatasi,
blanketi tatu,
mgongo mmoja.
Alicheka, alidhani tunacheza.
Kisha akanivuta kwa kidole hadi nyuma ya kabati la chaki:
"Na huyu je?"

Huyu: wa kiume, miaka minne labda,
amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Hakuitwa kwa kuwa hakuandikwa,
hakuandikwa kwa kuwa hakutaja jina.
Usiku wa kwanza alilala ndani ya kanga ya Mbula.
Usiku wa pili, ndani ya blanketi la pili la Mbula.

Nilikuja na kalamu nyekundu kulifuta blanketi hilo.
Kosa letu lilikuwa limemfikia
kabla ya mpango wetu.

Alfajiri, mwenye saini bado yuko safarini,
akaja Nyanzala wa mwalo wa Igombe na wanawake wa kikundi chake:
madebe manne ya dagaa,
miche ya sabuni iliyokatwa vipande kwa uzi,
na shilingi elfu themanini na mia tano
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Hakuwa na kizibao.
Aliuliza mambo mawili tu:
wangapi wanaharisha, na jiko liko wapi.

Sisemi malori yasije.
Kopo la Nyanzala halichimbi choo,
halinunui dripu, halitibu maji ya watu mia nane,
na yeye mwenyewe aliniambia, akifunga kanga upya,
"Mwanangu, sisi tuna siku tatu. Baada ya hapo tumekwisha."
Nikaziandika siku hizo tatu kwenye muhtasari,
kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake,
kalamu ikatoboa karatasi.

Kikao cha nne. Nimekuja na orodha moja.
Imeandikwa kwa mkono, ina alama ya kidole cha uji.
Nimesema: ndoo zinatosha, kila atakayetaja ndoo
atakwenda kuzibeba mwenyewe hadi kilimani.
Kizibao cha chungwa kimecheka, kisha kimenyamaza,
kisha kimepiga simu kuulizia sabuni.

Namba mia mbili kumi na nane, safu ya jina: bado.
Safu ya mzazi: tunatafuta.
Safu ya maoni ni nyembamba, imetengwa kwa neno moja.
Nimeandika hadi pembeni, nikageuza karatasi:
Yupo. Anapenda uji wa moto.
Bomba likifunguliwa, anakimbia.