Chaki

Nimepanda darini kwa ngazi ya kuazima,
tochi mdomoni, bisibisi mfuko wa nyuma.
Jana mnunuzi alitazama dari ya sebule,
akaliona doa, akakata milioni mbili
kabla hajamaliza soda niliyomnunulia.
Sikumjibu. Nilitaka kwanza nilijue doa.

Huku juu ni joto la tanuri la kukaushia samaki,
na vidudu vya ziwani vilivyokufa, mafungu kwa mafungu,
vyepesi kama pumba.
Mbao ni paina. Fundi Magesa alizipaka oili chafu
mwaka tuliohamia Igogo, akaapa
zitatuzika sote.

Madoa hayafanani.
Lile jeusi pembeni, linalowasha macho,
ni la popo, halina kesi na mvua.
Hili la kahawia, lenye ukingo ndani ya ukingo
kama kikombe cha chai kilichowekwa palepale miaka,
hili ni maji: yalikuja, yakakauka, yakarudi.
Nachoma kwa bisibisi. Inagoma. Ubao ungali ubao.
Nasogea shubiri mbili, nachoma tena,
ncha inazama kama kwenye muhogo uliovundikwa.

Lakini juu ya doa, bati ni zima.
Maji hayaingilii pale yanapoonekana.
Naifuata kenchi kwa kiganja, kupanda,
kuelekea kofia ya paa,
nyayo juu ya boriti tu, maana dari haisamehe,
mpaka kwenye msumari mmoja, raba yake imeliwa na jua,
na mwanga kando yake, punje ya ulezi.

Chini ya msumari, sufuria.

Ile namba tatu, tuliyoitafuta
kwenye msiba wa baba, tukamsingizia Nkwimba wa bondeni.
Aliapa, akalia, akaacha kuja.
Ndani mna pete nyeupe, moja juu ya nyingine.
Nimezihesabu hadi kumi na moja, tochi ikafifia.

Mama, na magoti yale.
Ulipandaje? Kwa ngazi ya nani?
Kila Jumapili tulikupigia: nyumba inavuja?
Nyumba nzima, ulisema. Nyie mnakula?
Na siku tuliyomfukuza Nkwimba
ulikuwa umekaa pale mkekani,
ukinyoosha pindo la khanga, kimya.

Kesho kijana wa Magesa ataleta lami na raba mpya,
ubao wa kupachika ubavuni mwa ule uliooza,
boliti nne. Kuvu nitaifuta mwenyewe kwa siki.
Leo nalizungushia doa chaki
kama nesi anavyozungushia uvimbe kalamu,
naandika tarehe.
Mvua ikija toka ziwani alfajiri, nitapanda tena.
Doa likivuka mstari, tumekosea msumari.
Lisipovuka, ni la zamani,
na la zamani hupakwa rangi,
ndivyo mafundi wanavyosema.

Mnunuzi anapiga. Simu inatetemeka juu ya boriti.
Naiacha itetemeke.
Nashuka, sufuria kwapani, masizi ya popo kwenye nywele.
Kwa Nkwimba ni ule mlango wa bluu, chini ya jiwe kubwa.
Sijui nianze na salamu gani.