Tusiusingizie Mlima

Inaugua asubuhi.
Hangi, mwanafunzi wangu, anacheka: "Fundi, injini ina mimba."
Saa moja, ukungu bado umelala juu ya ziwa,
silinda ya tatu imenuna, ndege nzima inatetemeka
kama mtu aliyeogeshwa nje mwezi wa saba.
Saa nne, jua likishapanda, homa imekwisha,
inanguruma laini, kana kwamba sisi ndio wagonjwa.

Wiki tatu tu tangu niiunganishe upya.

Kapteni Shamamba anasema ni majivu.
Goma hapa kila kitu husingiziwa mlima:
kikohozi, deni, mkate uliokataa kuumuka.
Nikakata kichujio cha mafuta, nikakikunjua
kama utumbo wa samaki, nikapitisha sumaku.
Hakuna chembe. Hakuna mchanga mweusi.
Nikayapikicha mafuta kati ya vidole: laini.
Mlima, samahani.

Basi ni supapu. (Marehemu Mirindi alisema supapu,
kitabu kinasema valvu, mimi huita mlango:
ukigoma kufunga, nyumba haishiki moto.)
Masizi yameukaba shingoni,
ndiyo maana unakwama kwenye baridi.
Nililipenda jibu hilo.
Halikuwa na jina la mtu ndani yake.

Tukaipima kabla haijapata joto.
Hangi kalishika panga la propela kwa mikono miwili,
miguu kaitanua, maana hewa ikikushinda
panga halina urafiki.
Nikafungulia kompresa: ratili themanini zinaingia,
kumi na mbili zinabaki.
Nikatega sikio kwenye ekzosi.
Sssss.
Mlango wazi.

Hapo nikakumbuka jambo
alilonifundisha Mirindi kwa kofi:
usiuhukumu mlango kabla hujatazama
nani kauwekea mguu.
Nikafungua kifuniko, nikakitoa kikono kinachoubonyeza,
nikauachia springi yake peke yake.
Hewa tena.
Sindano ikapanda, ikapanda, sabini na sita.
Ekzosi kimya.

Nikaivuta fimbo ya kusukumia,
nikailaza juu ya kioo kando ya dada yake.
Imezidi. Unene wa kucha, pengine pungufu.
Kiwandani hukatwa kwa urefu tofauti, kwa makusudi,
kila moja na nyumba yake.
Hii kwenye baridi inauzuia mlango usifunge;
silinda ikipata joto hutanuka, fimbo ikaenea,
na uongo ukawa kweli hadi kesho yake.

Usiku ule umeme ulikatika.
Sinia, fimbo nane zimelala, tochi mdomoni.
Niliichagua kwa kupapasa.
Nilivijivunia vidole hivi.

Hangi ananitazama, hacheki tena.
Nje, Shamamba anapiga kelele:
"Ni majivu, siyo?"

Ningeweza kuitikia. Mlima haukanushi.

"Ni mimi," nikasema.
Akanyamaza kidogo, akalitazama sanduku la chanjo
lililokuwa likimsubiri kivulini.
Akauliza kama kesho ataweza kwenda Walikale.
Nikamwambia aje saa kumi na mbili,
baridi ikiwa bado inauma,
asimame hapa, karibu na silinda ya tatu,
asikilize mwenyewe.