Chupa Sitini na Tatu

Ghala la vielelezo lina dirisha moja,
na dirisha lenyewe linatazama ukuta.
Humu mna panga la kesi ya Bombolulu,
mizani iliyochezewa, redio isiyo na mwenyewe,
na tangu Jumatatu, chupa sitini na tatu
za dawa ya Bwana Shekuwe wa Mwembe Tayari,
zilizokamatwa kwa kuwa hazina kibali,
hazina tarehe, hazina jina ila hili
lililoandikwa kwa wino mzito: MAFUPA.

Harufu yake: tangawizi, asali, na kitu cha tatu.

Alhamisi alikuja Bi Mwanamkuu Famau
kudai chupa zake nne.
Risiti anayo, kaikunja ndani ya kipochi cha sarafu.
"Nililipa," alisema, "na aliyelipa si mwizi."
Nikamwambia, mama, hizi sasa ni mali ya kesi.
"Kwani kesi inaumwa viungo?"

Akaiweka mikono juu ya kaunta
kama mtu anayetaka ipimwe.
Mikono ya mshona kofia: miaka thelathini ya vito,
sindano ndani, sindano nje,
kisha baridi yabisi ikavifumba vidole
kama ngumi ya mtoto mchanga.
Hospitali alikwenda. Alipanga foleni tangu adhana ya alfajiri,
akapewa tarehe ya mtaalamu: miezi mitano.
Kwa Shekuwe, vijiko viwili, siku tatu,
na uzi ukapita tena tunduni.
"Nimeshona kofia kumi na moja. Hiyo ndiyo maabara yangu."

Mimi nimeisoma ripoti ya maabara nyingine.
Imo failini, ukurasa wa nne, chini ya muhuri:
tangawizi, asali,
na steroidi iliyosagwa bila kipimo,
chupa hii chembe, chupa ile mara tisa.
Naijua pia habari ya utingo mmoja wa Magongo
aliyevimba hadi mkewe akawa anamtafuta
ndani ya uso wake mwenyewe.
Sukari ilimpanda. Amezikwa.
Kwa ajili yake nasema: heri walilifunga lile duka.
Nasema, wala sirudi nyuma.

Ila mstari wa mwisho wa ripoti ile,
mfupi, kama mkemia aliukumbuka akiwa mlangoni:
mtumiaji wa muda mrefu asiachishwe ghafla.

Kesi itatajwa tarehe kumi na tisa mwezi ujao.
Hadi hapo ripoti ni siri,
na sheria iliyowaokoa na chupa
imewaachisha wote, ghafla, asubuhi moja,
ikafunga mlango, ikanipa mimi ufunguo.

"Tangu juzi natapika," alisema.
"Nikisimama, kaunta yako inaondoka."

Nimekula kiapo cha kazi hii. Pensheni imebaki miaka sita.
Kumrudishia chupa siwezi, wala singetaka.
Kunyamaza naweza,
nimelipwa kunyamaza miaka ishirini na moja.

Nikararua ukurasa wa daftari la vielelezo,
nikaandika jina la dawa kwa herufi kubwa,
nikaandika: amekunywa miezi minane, ameachishwa Jumatatu.
Nenda sasa hivi, upande wa dharura, wape hii.
Usipange foleni. Ikibidi, anguka.

Aliishika mbali na macho, akaisoma herufi kwa herufi.
"Hii ni dawa ya hospitali?"
Ndiyo.
"Bei gani?"
Nikamtajia. Vidonge vya mwezi mzima
havifiki nusu ya chupa moja ya Shekuwe.

Hakushukuru. Aliitazama rafu nyuma yangu,
zile chupa zilivyopangwa kwa nambari, vifuniko vikiwa na lakiri.
"Basi ilikuwa ikifanya nini," aliuliza,
"muda wote huo, ndani ya asali?"

Nilizisikia ndara zake ukumbini,
zikienda, zikisimama, zikienda.

Wakija kukagua, chupa watazikuta zote.
Ukurasa ndio haupo.