Kupiga Teke Ndoo

Mbagala, kibanda cha filamu, kiingilio mia tano,
Mwinjuma hutafsiri kwa maiki iliyozongwa solotepu.
Mzungu mwenye kofia akamnong'oneza mwenzake jambo,
naye Mwinjuma, bila kupepesa: "Jamaa kapiga teke ndoo!"
Tukaitafuta ndoo kwenye skrini nzima.
Palikuwa na farasi, chupa, mlango unaobembea.
Ndoo hapana.

Kesho yake alinifuata kwenye cherehani,
mimi mwenye kidato cha nne na Kiingereza cha kuombea maji.
"Da Sikudhani, ile ndoo ilikuwa na nini?"
Nikafunua kamusi yenye jalada la gazeti:
kufa.
Kufa kwa mdomo wa kijiweni,
kufa unakokusemea mbali, mikono mfukoni.
Kwa nini ndoo? Hata wenyewe wanabishana.

Akacheka mpaka akakalia vitambaa vya watu.
"Kumbe! Sisi tunakata kamba, wao wanapiga ndoo.
Kisima ni kimoja."
Toka siku hiyo majambazi wote wa filamu zake
walikata kamba, au walivuta;
mmoja tu, kwa heshima ya kofia yake, aliaga dunia.
Nilimwonya: usiingie nayo msibani.
Kwenye mkeka mtu ametangulia, amepumzika.
Ndoo iache nje, ya kunawia.

Mwezi wa nane presha ilimkuta na maiki mkononi,
katikati ya sentensi.
Filamu ikaendelea peke yake,
watu wakisema Kiingereza, hakuna wa kuwajibia.

Usiku wa pili wa matanga umeme ukakatika.
Uani ndoo zimepangwa, maana bomba hutoa Jumanne tu,
na shemeji yake wa Kilwa, mtu mzima, mwenye haraka ya choo,
akaisukumia moja mguu: lita ishirini
mpaka kwenye kanga za wapishi.
Kimya.
Mimi nikauma pindo la mtandio.
Ndani, kwenye giza la eda, Bi Mwanakheri akauliza,
"Nani huyo kapiga teke ndoo?"

Akajisikia.
Kicheko kikamtoka kwanza kwa pua,
kisha chote,
na kilio tulichokingoja siku mbili
kikaja nyuma yake, kimeloa.